Bibi Vase Aliyeomba Jumatano

Tunayemlaza kaburini leo hapa Lautoka ni Vasemaca Tuivuna Drauna, ambaye wengi wenu mlimwita Bibi Vase. Wenye maduka wa mjini nao walimwita hivyo hivyo, na kila mwezi wa kwanza, walipomwona anakata kona na daftari lake la majina, baadhi yao walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli huko stoo. Yeye alilijua hilo. Alikaa kwenye benchi la wateja akasubiri mpaka watoke.

Vasemaca alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1961, katika kijiji cha Navatulevu, kisiwa cha Naviti, katika visiwa vya Yasawa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Isikeli Tuivuna na Mama Litiana, ambao wote wametutangulia. Baba alikausha nazi na kuuza mbata, mama alisuka mikeka. Alibatizwa katika Kanisa la Methodisti mwezi Desemba mwaka huo huo. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba maji yalipomgusa hakulia, alimtazama tu mchungaji kama mtu anayengoja mwenzake amalize maneno.

Alisoma shule ya msingi palepale kisiwani mpaka darasa la nane. Mwaka 1975 alivuka kuja Lautoka kuanza sekondari, akikaa kwa shangazi yetu kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na watu kumi na wanne, hivyo hesabu zake alizifanyia nje, juu ya jiwe la kufulia. Mwishoni mwa mwaka 1978, akiwa kidato cha nne, bei ya mbata ilianguka. Baba akaja na boti, akakaa kwenye ngazi ya nyumba ya shangazi, akavua kofia yake akaiweka gotini.

"Vase mwanangu," alisema, "shule imeishia hapa. Nyuma yako wapo watatu."

Vasemaca aliuliza jambo moja tu, kama sare anaweza kubaki nayo. Alibaki nayo.

Mwezi Machi 1979 alikwenda kuomba kazi katika kiwanda kimoja cha nguo, ambacho sasa hakipo. Bwana aliyekuwa akiandikisha watu alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, na alikuwa akiuliza huku ameinamia karatasi zake. Unajua kushona? Unaweza kuja saa moja asubuhi? Umewahi kutumia cherehani ya umeme? Kwetu mkubwa akikuuliza hupandishi sauti, unapandisha nyusi, na hapo umesema ndiyo. Vasemaca alipandisha nyusi mara tano. Yule bwana aliandika kitu, akaita mwingine. Karani aliyekuwa mlangoni, ambaye alikuwa mtu wa kwetu, akamnong'oneza wakati anatoka, "Dada, ameandika kwamba wewe ni bubu."

Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe mara nyingi, na watu walicheka, naye alicheka. Lakini kijana yeyote aliyepita mikononi mwake kujifunza kazi atawaambia kilichofuata miaka mingi baadaye. Wiki ya kwanza Bibi Vase alimpa mgongo, akashika kazi yake, akauliza maswali bila kugeuka. Usipotoa sauti, hukupata chai. "Nyusi zako nzuri," alikuwa akisema, "lakini hazisikiki kwenye simu."

Baada ya kukosa kiwandani alipata kazi ya ndani kwa fundi cherehani mmoja, Mzee Munsami, karibu na soko. Alifagia, alipika wali na dengu, alilea watoto. Mke wa Munsami ndiye aliyemwona siku moja akikunja suruali ya mteja kwa mkono, mishono imenyooka kama imechorwa, akamwambia mumewe, "Wewe unaye fundi jikoni, unamwozesha vitunguu." Kuanzia hapo alikaa kwenye cherehani miaka kumi na miwili. Mzee Munsami alimfundisha kila alichokijua, ila cheti hakuwa nacho cha kumpa, kwa sababu hata yeye hakuwa nacho.

Tarehe 8 Desemba 1984, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Penaia Drauna, dereva wa treni ya miwa. Penaia alikuwa akipiga honi kila alipopita nyuma ya duka la Munsami, mpaka fundi akatoka nje akamuuliza, "Bwana, umekuja kupeleka miwa au kuchukua mke?" Mungu aliwajalia watoto watatu, Isikeli, Litiana na Josaia. Wameishi pamoja miaka arobaini. Penaia hakuwahi kurudi nyumbani akakuta ni watoto wake peke yao mezani, na hakuwahi kuuliza hawa wengine ni wa nani. Aliongeza maji kwenye mchuzi.

Mwaka 1992 Vasemaca alifungua kiwanda chake kidogo cha kushona katika Mtaa wa Naviti. Alisema amepanga hapo kwa sababu mtaa una jina la kisiwa chao, na asingeweza kupotea. Alianza na cherehani mbili, akishona sare za shule, sulu za kanisani, zile za kujifunga kiunoni, na baadaye mapazia na sare za hoteli. Aliajiri wasichana walioacha shule njiani kama yeye. Lakini mwaka 1997 msichana wake mmoja, fundi mzuri kuliko wote, alikwenda kuomba kazi kwenye hoteli kubwa, akarudishwa. Mikono alikuwa nayo, karatasi hakuwa nayo. Vasemaca alirudi nyumbani siku hiyo akakaa jikoni bila kuvua viatu. Akamwambia Penaia kwamba amekuwa akiwafundisha watoto wa watu wafike mahali alipofika yeye, na mahali hapo hapatoshi.

Chuo cha ufundi kilikuwapo, na siku ya Jumatano kilipokea vijana walio kazini. Kwa hiyo kijana wa namna hii alihitaji vitu viwili, kazi, na bosi atakayemwachia Jumatano yake bila kumkata mshahara. Kazi wenye maduka walikuwa tayari kutoa. Jumatano hawakutaka kuitoa.

Wa kwanza kufuatwa alikuwa Mzee Gounder, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa Januari 1998.

"Mama Vase, mimi nauza misumari," alimjibu. "Siendeshi shule."

"Sikuombi shule, Mzee. Shule ipo. Nakuomba Jumatano."

"Jumatano ndiyo siku lori la saruji linakuja. Nani atashusha? Wewe?"

"Lori lina siku sita za kuja. Chuo kina moja."

Mzee Gounder alimwambia atafikiri. Jumatano iliyofuata lori lilipofika, Vasemaca alikuwa amekaa pale, amejifunga sulu ya kazi, na glavu za Penaia mkononi. Mzee Gounder alimtazama, akamwita mkewe aje aone, kisha akasema, "Mtoe huyu mama hapa kabla watu hawajaniona. Haya, Mama Vase, mlete kijana wako." Lori lilihamia Alhamisi na mpaka leo linakuja Alhamisi.

Wa pili alikuwa binamu yake Sakiusa, mwenye gereji. Hao wawili walikuwa wakitaniana tangu utotoni, kama ilivyo kwa binamu, na hawakuacha hata uzeeni.

"Binamu, nimekuona toka mbali, nimefunga geti," Sakiusa alimwambia mwaka mmoja. "Yule wa mwaka jana alipaka oili gari la mchungaji mpaka kwenye viti. Sasa umeniletea nani, shetani mwenyewe?"

"Nimekuletea dada yake."

"Msichana? Kwenye gereji yangu?"

"Ana akili kukushinda. Jambo dogo hilo, lakini litakusaidia."

Dada huyo ndiye msimamizi wa gereji ile leo, na Sakiusa anamwogopa.

Polepole waliongezeka. Mwoka mikate, mwenye mabasi, fundi wa majokofu, hoteli mbili. Kufikia mwaka 2016 biashara kumi na mbili za mji huu zilikuwa zinatoa kila moja nafasi kwa kijana mmoja au wawili kila mwaka, yenye mshahara na Jumatano. Vasemaca aliwataka vijana wavae shati la duka wanapokwenda chuoni, ili walimu wajue kwamba huyu ana mtu nyuma yake. Kwa daftari lake mwenyewe, waliomaliza na kupata vyeti ni mia moja thelathini na wanane. Kwa hilo tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru ninyi wenye maduka, hata mliokuwa mnakimbilia stoo.

Lakini yeye mwenyewe alisema kwamba siku habari zake zitakaposomwa, lisiachwe jambo la mwaka 2009. Tunalisema kama alivyotaka.

Mwaka huo nafasi ya mwisho, kwa Mzee Gounder, alikuwa amemwahidi binti mmoja aitwaye Premila Lata, mwenye miaka kumi na sita. Wazazi wake walikuwa wakulima wa miwa walioishiwa mkataba wa shamba, wakahamia kwenye nyumba za mabati nje ya mji. Jumamosi kabla ya kazi kuanza, mjomba wetu Waisale alikuja kutoka kisiwani na wazee wawili. Waliketi kwenye mkeka, na mjomba akatoa jino la nyangumi. Akasema amekuja kuomba nafasi ya mjukuu wake, ambaye amekaa tu nyumbani.

Kila mtu hapa anajua kwamba jino likishapokewa, ombi limekubaliwa. Na kila mtu anajua kwamba linaweza kuachwa hapo mkekani bila kuguswa, ingawa hakuna aliyewahi kuona mtu akifanya hivyo kwa mjomba wake. Penaia alimtazama mkewe. Vasemaca alitazama mkeka kwa muda mrefu. Kisha akapandisha nyusi, na Penaia akanyoosha mikono akalipokea.

Jumatatu asubuhi Premila alifika dukani kwa Vasemaca ili apelekwe. Nywele zimepakwa mafuta na kusukwa, viatu vya kuazima, vikubwa. Vasemaca alimwambia avumilie, mwakani atakuwa wa kwanza.

"Sawa, Bibi," binti alijibu kwa sauti, wazi kabisa, kama alivyofundishwa.

Mjukuu wa mjomba alifanya kazi wiki tatu akarudi kisiwani kwa sababu alikuwa amekumbuka nyumbani. Siku hiyo hiyo Vasemaca alifunga duka akaenda kwenye nyumba za mabati. Familia ilikuwa imehama. Jirani mmoja alisema wamekwenda Labasa, mwingine alisema Suva. Alituma salamu kote kote, kwa wachungaji, kwa madereva wa mabasi, kwa mapandita wa hekalu la Kihindu, kwa walimu. Hakumpata. Januari zote kumi na sita zilizofuata aliuliza tena.

Aliungama jambo hilo mbele ya kina mama wa kanisa. Dada zake tulimwambia kwamba hakuwa na namna, kwamba mjomba ni mjomba. Alisema, "Namna nilikuwa nayo. Ilikuwa hapo kwenye mkeka." Kuanzia mwaka huo alijiwekea masharti mawili. Hakumpa ndugu nafasi kabla ya asiye na ndugu. Na hakulifunga daftari mpaka kila jina limepata mlango. Kwa sharti la kwanza alisemwa sana. Walisema amekuwa mgumu, amekuwa kama mgeni. Zilipita harusi mbili za ukoo ambazo hakupelekewa hata habari. Alishona nguo za maharusi hao hata hivyo, akazituma na boti.

Mwaka 2014 aligundulika kuwa na kisukari. Alikunywa dawa zake, akapunguza wali, lakini kupumzika hakukuweza. Mwezi Machi 2019 kidonda cha kidole kilikataa kupona na mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Januari iliyofuata alizunguka mjini kwa magongo. Kisha likaja janga la dunia nzima, ndege zikaacha kuja, hoteli zikafungwa, na wenye maduka wengi wakawa hawana hata kazi ya kujipa wenyewe. Hakuwalaumu. Kati ya biashara kumi na mbili zilibaki tano, na zilipofunguka tena, si wote waliorudi. Wengine walikuwa wamewaachia watoto wao, na watoto hawakuwa na habari ya benchi wala lori. Ilibidi aanze kuomba upya, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, Penaia akisukuma.

Alichoka. Sisi wa nyumbani tuliona. Kuna siku Penaia alimfikisha mbele ya duka moja, naye akamwambia mumewe asiufungue mlango kwanza. Wakakaa hapo juani.

"Mguu unauma?" Penaia aliuliza.

"Si mguu. Ni kuomba. Nimechoka kuomba, Penaia. Miaka yote hii uso wangu ni wa mtu anayetaka kitu."

"Turudi nyumbani basi."

Alipekua daftari. "Bado majina matano," alisema. "Fungua."

Mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Daktari alimweleza vizuri na kwa upole, naye alisikiliza vizuri. Januari hii alikuwa na majina kumi na matatu. Alipata nafasi tisa. Mzee Gounder, ambaye ana miaka themanini na mmoja na haongozi tena duka, alikaa naye kwenye benchi lile lile akamwambia mwanawe, "Mpe huyu mama anachotaka, uokoe muda. Mimi nilijaribu kubishana." Sakiusa alichukua wawili badala ya mmoja, akasema anafanya hivyo ili binamu yake asipate sababu ya kurudi. Vasemaca alipokwisha kutoka nje ya geti, Sakiusa alifuta macho kwa kitambaa cha oili.

Jumatatu tarehe 27 Januari alilazwa katika hospitali ya Lautoka. Wauguzi wawili wa zamu walikuwa wasichana wake wa zamani wa kushona, waliorudi shule wakaendelea. Walimfunika vizuri. Alisali asubuhi na jioni, aliomba tumwimbie nyimbo za kwaya ya kisiwani, na akishindwa kuimba alipiga mdundo kwa kidole kwenye chuma cha kitanda. Daftari lilikuwa chini ya mto.

Jumapili tarehe 9 Februari, baada ya ibada, alimwita mdogo wake.

"Mkiandika habari zangu msiandike mambo mengi," alisema. "Watu watakuwa na njaa. Andikeni hao wanne."

"Wanne gani, dada?"

"Ambao hawajapata."

"Dada, hiyo si desturi. Msibani wanatajwa waliobaki."

"Basi. Hao nao wamebaki."

Mdogo wake alikwenda kumuuliza mchungaji kama inafaa. Mchungaji alifikiri, akasema hajaona andiko linalokataza.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu na nusu. Penaia alikuwa ameushika mkono wake, na honi ya kiwanda cha sukari ilikuwa haijalia bado. Hakuhangaika. Alivuta pumzi kama mtu anayeweka mzigo chini, na hakuinua tena.

Ameacha mume wake, Penaia Drauna. Ameacha watoto watatu, Isikeli, Litiana na Josaia, pamoja na wakwe zake. Ameacha wajukuu saba, na wa nane anayengojwa mwezi Mei. Ameacha kaka mmoja na dada wawili, binamu yake Sakiusa ambaye leo hana wa kumtania, na ukoo wote wa Navatulevu uliovuka na mikeka yake kuja kumlilia.

Na wamebaki hawa. Eparama Nawaqa, miaka kumi na saba, anapenda umeme. Shalini Devi, kumi na sita, anapiga hesabu haraka kuliko mashine. Makereta Sovasova, kumi na nane, ana mtoto mchanga, na anataka kujifunza upishi. Ravin Mudaliar, kumi na saba, alisema kazi yoyote. Wamesimama pale nyuma, karibu na tanki la maji, wakiwa na mashati meupe ambayo Bibi Vase aliyashona mwezi wa kumi na mbili. Hakuna hata mmoja kati yao aliye ndugu yetu. Alituagiza tuliseme hilo pia.

Mjomba Waisale amekaa mbele hapa na wazee wake. Tulimsomea maneno haya jana, kwa heshima, kabla ya kuyachapa. Akasema yasomwe yote.

Wenye maduka, gereji, mikate na mabasi mliokuja kumzika, chuo kinafungua Jumatano ijayo, tarehe 19. Chakula kitakuwa tayari baada ya maziko. Mkila, kaeni karibu na hao vijana, muwaulize maswali. Watawajibu kwa sauti.

Dada yetu aliomba miaka ishirini na saba. Mwenyezi Mungu amkalishe mahali ambapo hataomba kitu kwa mtu yeyote. Yaliyobaki kuombwa, tutaomba sisi. Alale kwa amani.